Ndoo Tatu na Mama Mkwe

Mama mkwe alipowasili, na sanduku moja na mwavuli alioutumia kama fimbo, jambo la kwanza alilofanya baada ya salamu lilikuwa kuwasha taa ya sebuleni. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limejaa dirishani na paka wa jirani amelala kwenye kingo akiliota. Mkamwana wake aliitazama ile taa, akameza mate, akaingia jikoni kutengeneza chai. Alipotoka na sinia alipita karibu na ukuta akaizima kwa kiwiko, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuzima taa za watu bila kuwaudhi. Hata hajakaa, mgeni akainuka akaiwasha tena.

"Kwangu mgeni hapokewi gizani," alisema.

Basi vita vikaanza siku ile ile, ingawa hakuna aliyevitangaza.

Katika jengo lile la ghorofa tatu mkamwana huyu aliitwa Mama Ndoo, na asikudanganye mtu kwamba jina hilo lilikuwa la sifa. Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua mashuka ya hoteli na hospitali kwenye kiwanda kidogo chenye mashine sita, na kutwa nzima aliyaona maji yakitoka humo na povu lake, yakishuka kwenye mfereji nyuma ya ukuta mpaka kwenye kijito ambacho siku hizi hata bata walikikwepa. Kijito kile kilimkera kama jiwe kiatuni. Mashine za tajiri hakuwa na uwezo nazo, lakini nyumbani kwake alikuwa na kauli.

Kwa hiyo aliomba kazini ndoo tatu tupu za sabuni, zote za kimo kimoja na vifuniko vya aina moja, akazipanga jikoni. Nyeupe ilikuwa ya maji safi, maana bomba la ghorofa ya tatu lilitoa maji asubuhi na jioni tu. Ya kijani ilipokea maji yaliyoosha mchele na mboga, na hayo yalinyweshewa mimea ya roshani. Ya buluu ilipokea maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, na hayo yalipiga deki na kumwagwa chooni. Maganda yaliingia kwenye debe la udongo yakaoza yakawa mbolea. Dukani alikwenda na mfuko wake wa kitambaa, ulioshonwa kwa shuka la hoteli lililochoka. Ukitoka chumbani unazima taa. Ukipiga mswaki unafunga bomba. Haba na haba, alizoea kusema, na Mama Saluni wa ghorofa ya pili alizoea kumjibu kwamba kibaba chenyewe bado hajakiona.

Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuinama mbele ya visanduku vya chuma, mtaa hadi mtaa, akisoma tarakimu ndogo kama punje za mtama. Ndoo za mkewe alizivumilia, na mara nyingine alizisifu. Asichokivumilia ni utani wa wanaume wa pale chini, kwamba nyumbani kwa mtu wa maji, wenyewe huoga kwa kikombe. Utani ule alipanda nao ngazi kila jioni, akaula na chakula.

Na mama yake sasa, mwalimu mstaafu aliyeshika chaki miaka thelathini na miwili, aliishi peke yake katika nyumba yake mwenyewe, mwendo wa kutwa nzima kutoka pale. Hakuwa mtu wa kutembelea watu bila kualikwa. Safari hii alipiga simu tu na kusema anakuja wiki mbili kumwona mjukuu, na mwanawe kwa furaha hakuuliza zaidi.

*

Siku tatu zilitosha kumfanya Mama Ndoo aamini kwamba amechokozwa makusudi. Taa zote ziliwaka mchana. Kwenye debe la maganda alikuta kifuniko cha chupa, betri iliyokwisha na mfuko wa plastiki uliojikunja kama konokono. Ndoo ya kijani aliikuta na maji ya sabuni, mnanaa wake wa roshani ukaanza kunyauka. Kila alipokuta kosa alilirekebisha mwenyewe, kimya kimya, na kila aliporekebisha mdomo wake ulizidi kujikaza.

Siku ya nne aliona aseme, lakini kwa adabu. Alichukua makaratasi, akaandika kwa kalamu nene ya wino mweusi: SAFI. MIMEA. CHOO. Akayabandika kwenye ndoo, moja moja. Kwenye debe akaandika MAGANDA TU. Alijiona mwerevu, kwa kuwa mtu aliyefundisha watoto kusoma hawezi kudharau maandishi.

Kesho yake mnanaa ulipewa tena maji ya sabuni.

"Mwalimu mzima," alimwambia mumewe chumbani, "anasoma neno lile waziwazi kisha anafanya lake. Ningekuwa mtoto wa darasani kwake angenichapa."

Mumewe alijibu kwamba mama yake ni mgeni, na mgeni hafundishwi. Mke akauliza kwani mgeni ndiye anayefundisha? Wakalala wamepeana migongo.

Aliyefurahi peke yake ni binti yao wa miaka minane. Kila alasiri bibi yake alimwita akae karibu kabisa, goti kwa goti, amsomee kitabu cha shule kwa sauti. Akikosea neno bibi alimsahihisha bila hata kukitazama kitabu, jambo lililomshangaza mtoto sana. Wakati mwingine bibi alimshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani na kumkazia macho muda mrefu, mpaka mtoto akaanza kucheka. Mama Ndoo aliliona hilo kutoka jikoni na kuliita kudekeza.

*

Chai ya Mama Saluni ilitokea Jumatano.

Mama Ndoo alikuwa kazini. Mama Saluni, ambaye hapiti mlangoni pa mtu mwenye mgeni bila kubisha hodi, alipanda kuja kumsalimia mwalimu. Mwalimu naye alifurahi kupata mtu mzima wa kuzungumza naye. Alitaka mjukuu asisumbuliwe, akaingia jikoni mwenyewe, akafunua ndoo, akachota maji, akainjika sufuria. Chai ilichemka, ikatiwa sukari na tangawizi, ikaletwa kwenye vikombe vya wageni.

Mama Saluni alikunywa funda la kwanza akanyamaza. Alikunywa la pili kwa heshima. Kisha aliinamisha kikombe kwenye mwanga, akaona ukingoni povu jembamba lenye rangi za upinde wa mvua, na heshima ikamwishia. Alikimbilia jikoni kutema, akakiona kikombe cha kuchotea bado kipo sakafuni kando ya ndoo ya buluu, na juu ya ndoo karatasi yenye herufi nene: CHOO.

Mpaka magharibi habari ilikuwa imeshuka hadi kwa muuza mkaa, na kila ngazi iliyoshuka ilinona. Ghorofa ya pili ilisema Mama Ndoo anapikia maji ya kufulia. Ghorofa ya kwanza ikasema anapikia maji ya choo chenyewe. Pale chini ikawa ni ubahili tu, mwanamke hununua kilo nzima ya sukari halafu maji ndiyo anabania. Mama Ndoo alikutana na habari hiyo akipanda, mfuko wake wa kitambaa begani. Watoto watatu walimpisha wakiziba pua.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, ingawa katika nyumba hii hata yaliyomwagika yalizolewa kwa kitambaa na kukamuliwa ndooni. Lakini neno la watu halizoleki kwa kitambaa. Alimkuta mama mkwe ameketi wima kwenye kochi, mikono magotini, uso umegeukia ukuta.

"Mama, ilikuwaje?" aliuliza taratibu.

"Nyumba yenye ndoo tatu lazima siku moja mtu akosee," alijibu mama mkwe. "Mimi nimezoea nyumba yenye bomba." Hakusema pole. Alisema kwamba Jumamosi asubuhi atarudi kwake, wiki mbili ni nyingi, na kuku wake wameachiwa jirani asiyejua kuku.

Msoma mita aliporudi hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa amesimuliwa na watu wanne tangu kituoni. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angeipaza. Alisema mama yake anaondoka kwa ajili ya ndoo. Alisema amevumilia kuchekwa yeye, lakini hawezi kuvumilia mama yake mzazi aaibishwe mbele ya msusi.

"Ijumaa nikirudi nisizikute humu," alisema. "Ndoo zote, na hilo debe. Tuishi kama watu."

Mkewe alitaka kumjibu kwamba watu anaowasema ndio wanaomwaga kila kitu kwenye kile kijito. Akaona haitasaidia. Usiku ule alizitazama ndoo zake, akazifuta vumbi moja moja, maana hakuwa na kitu kingine duniani alichokianzisha mwenyewe kikafuatwa na watu, hata kama watu wenyewe ni mume na mtoto mmoja.

*

Ijumaa mashine mbili ziligoma kazini, fundi akaitwa, na madobi wakaruhusiwa saa tano. Mama Ndoo alirudi nyumbani polepole, kama mtu anayekwenda kuhama. Mtoto alikuwa shule. Aliufungua mlango kwa ufunguo wake bila kelele, akidhani mama mkwe amelala.

Sebule ilikuwa na kiza chepesi kwa sababu ya mapazia, na taa imezimwa. Aliizima yeye mwenyewe alfajiri, kama kawaida. Kutoka jikoni alisikia kifuniko kikifunuliwa. Alichungulia.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya zile ndoo tatu. Alitia kidole katika ya kwanza, akakinusa, akakigusisha ulimini. Akakifuta kwenye kanga. Akatia katika ya pili, akakinusa, akatikisa kichwa. Katika ya tatu alisugua kidole kwa gumba kusikia utelezi wa sabuni. "Buluu," alijisemea kwa sauti ndogo, "ya kulia, karibu na mlango." Kisha alipapasa ukingo wa ndoo ile, akatoa uzi mfukoni, akaanza kuufunga kwenye mpini, na vidole vyake vilitafuta fundo mara tatu kabla ya kulipata. Uso wake ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye karatasi yenye neno lile nene, na macho yake hayakuligusa.

Mama Ndoo alirudi nyuma hatua moja. Kila taa aliyoizima kwa kiwiko tangu siku ya kwanza ilimrudia. Alikuwa amemzimia taa mama wa watu aliyekuwa akiutafuta mwanga, asubuhi na mchana, huku akijisifu moyoni. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Alitoka nje, akafunga mlango, akaufungua tena kwa kishindo na kukohoa. Alipoingia jikoni mama mkwe alikuwa amesimama akijifanya anatafuta kijiko. Mama Ndoo aliweka mfuko wake chini. Aliwasha taa ya jikoni, akaenda akawasha na ya sebuleni, akafungua mapazia yote, kisha akamshika mzee mkono na kumketisha.

"Yameanza lini, Mama?"

Mama mkwe alitaka kukana. Mdomo ulifunguka kwa kukana. Halafu mabega yake yakashuka. Alisema ni mwaka wa pili. Mwanzoni ilikuwa kama ukungu wa asubuhi, akadhani ni miwani, akabadilisha miwani. Sasa rangi zote zimekuwa chai ya maziwa. Kwake anajua kila kitu kilipo, hatua sita hadi mlangoni, kumi na moja hadi kwa kuku, hakuna aliyegundua. Hapa kila kitu ni kigeni na taa zinazimika zenyewe.

"Nilikuja nimwone mtoto usoni kabla ya pazia kushuka kabisa," alisema. "Hayo tu. Sikuja kukuharibia nyumba."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanangu unamjua. Akisikia, siku hiyo hiyo nyumba yangu itapigwa kufuli, na mimi nitawekwa kwenye kochi hili kama mtungi wa maua, nimwagiwe maji ya ndoo ya kijani."

Mama Ndoo alicheka bila kutaka, na mzee naye akacheka kidogo, kisha wote wakafuta machozi, kila mmoja kwa upande wake. Dobi alimweleza kwamba mashuka ya wodi ya macho huyafua yeye, kila wiki, na muuguzi anayeyaleta ni mtu wa soga. Mtoto wa jicho si upofu. Watu huingia wodini wakishikwa mkono na hutoka wakitafuta viatu vyao wenyewe. Jumatatu ni siku ya kliniki.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kisu jichoni hakitaki, Jumamosi anaondoka, na mkwe wake ampe neno kwamba hatamwambia mwanawe. Walibishana hadi mtoto akarudi kutoka shule. Mwishowe Mama Ndoo alimpa hilo neno, kwa shingo upande, kwa sababu siri ilikuwa ya mwenye macho.

*

Msoma mita alirudi saa kumi na moja unusu, jua bado liko juu ya paa la jirani. Alivua viatu, akaingia jikoni, akazikuta ndoo tatu mahali pake, ya buluu na uzi kwenye mpini.

"Tulisema nini?" aliuliza.

Mkewe alikuwa anachambua mchele. Neno moja lingemwokoa, na neno hilo alikuwa ameliweka rehani. Alimwambia tu kwamba hakupata nafasi. Ni uongo mbaya, maana kila mtu jengoni alijua alirudi saa tano. Mumewe alikunja mikono ya shati. Alimwaga nyeupe na ya kijani kwenye sinki, maji safi na ya mchele yote, akazichomeka moja ndani ya nyingine, akaibeba ya buluu kwa mkono wa pili, akaelekea mlangoni. Mtoto alisimama na kitabu chake akimtazama mama yake, akingoja mama aseme, na mama aliendelea kuokota vijiwe ambavyo havikuwamo.

Mama mkwe, kwenye kochi, aligeuza kichwa kufuata sauti ya mipini.

"Unazipeleka wapi hizo?"

"Nje, Mama. Zimekuaibisha vya kutosha."

"Ndoo hazikumwaibisha mtu. Zirudishe."

"Mama, tafadhali. Ni huyu na mambo yake. Mtu mzima anapikishwa chai ya sabuni kwa sababu ya..."

"Nyamaza unisikilize," alisema mwalimu, kwa sauti ile ya darasani, na msoma mita akanyamaza kama ana miaka saba. "Mkeo aliandika kwa herufi kubwa kuliko nilizokuwa nikiandika ubaoni. Mjukuu wangu amenisomea maneno hayo leo, nikajua yapo. Chai nilichota mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe. Sikuona. Leo pia sioni, na kesho ukinipakia kwenye basi nitapanda sijui nimekaa na nani. Mkeo analijua hili tangu asubuhi na ameacha umtukane, kwa sababu nilimwapisha. Sasa rudisha ndoo za watu."

Msoma mita aliweka ndoo chini. Maji ya buluu yalicheza yakamwagikia kidole chake cha mguu na hakutoa mguu. Alikuja akapiga magoti mbele ya kochi, mahali ambapo taa ilimwangukia usoni, akanyoosha mkono mbele ya mama yake, vidole vitatu.

"Hivi ni vingapi?"

"Shusha mkono huo. Nimeuliza watoto maswali miaka thelathini na miwili, siulizwi vidole." Kisha akaongea kwa upole zaidi. "Nakuona upo. Nakuona kama mtu nyuma ya pazia. Uso ndio sipati. Hata sasa sijui kama umekasirika au unanicheka."

Wiki nzima mwanawe alikuwa amekaa naye meza moja, yeye ambaye hulipwa kwa kusoma vitu vidogo. Aliinamisha kichwa hadi kwenye ukingo wa kochi.

"Analia, Mama," alisema mkewe kutoka jikoni, kwa niaba yake.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akakosa, akagusa bega, akapanda shingoni, akafika shavuni. Aliuacha mkono hapo mpaka vidole vikalowa.

"Huyu sijamwona akilia tangu darasa la pili," alisema. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni. "Hiyo kliniki ya Jumatatu, mwanangu, hufunguliwa saa ngapi?"